Mawe Hai Nyumbani kwa Baba Mkwe

Elina wa Nkunga alikuwa na pua. Maziwa yakitaka kuchacha alijua kabla ya paka. Mwanawe Tulia akitaka kuugua, alimnusa utosini akajua. Pua hiyo ndiyo iliyomfanya bosi wake, Anosisye, amwite kutoka kwenye mashuka ya hoteli aliyokuwa akiyafua kila siku pale Tukuyu mjini.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye mtaji akijaribu lake. Anosisye alirudi kutoka Dar es Salaam na tangi la kioo refu kama kabati lililolazwa, akaapa kwamba wageni wake watakula huku wakitazama samaki wa bahari. Samaki hao hawaishi kwenye maji matupu. Wanataka mawe hai: vipande vya matumbawe vyenye matundu tele, vilivyovaa ukoko wa zambarau, na ndani yake vijidudu vinavyosafisha maji. Yalikuja kwa lori, yamefungwa kwenye magunia mabichi, pamoja na madumu ya maji ya bahari.

"Nusa," Anosisye alimwambia. "Jiwe zima linanuka bahari."

"Bahari siijui, bosi."

"Basi nusa lililokufa."

Lilinuka yai viza. Tangu hapo hakukosea. Alichagua mepesi yenye matundu, akayasugua uozo kwa brashi ndani ya maji yaleyale ya chumvi, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi huyaua. Kilichobaki ni yakae gizani, yakikorogewa maji, mpaka harufu iishe. Hotelini mafundi walikuwa wakipaka rangi, hivyo aliyapeleka kwake, akayaweka bandani ndani ya beseni.

"Yakirudi mazima Jumamosi, tangi ni lako," bosi alisema. "Yakioza, naleta mtu wa Dar."

"Agiza samaki," Elina akajibu.

Alhamisi alirudi kutoka kazini, beseni halipo bandani. Mama mkwe, kabla ya kwenda msibani Kisiba, alikuwa ameona huruma: vitu vinanuka, na mvua hiyo inakuja. Alilikokota mpaka nyumbani kwake, akaliweka chini ya mchirizi wa bati, kama tunavyoweka kila chombo huku kwetu, ili mvua iyasuuze. Na mlangoni, karibu kabisa na beseni, baba mkwe alikuwa amekaa akisuka kikapu.

Mkwe wa Kinyakyusa hamkaribii baba wa mumewe, hamtazami, wala hamtaji jina. Elina alisimama nyuma ya migomba, akajifunika kanga usoni, akageuka. Tulia, mgongoni, akawa ndiye anayeonana na babu. Tone la kwanza likagonga jani.

"Tulia mwanangu," alisema kwa sauti ya kuamsha kijiji, "ungekuwa na miguu ungemwambia babu aingize lile beseni ndani. Mvua ikiingia, mawe yanakufa yote."

Kicheko chenye kikohozi kikatoka mlangoni.

"Tulia, tangu lini jiwe likafa? Mama yako ana homa?"

"Mwambie babu homa ni ya kazi. Mvua hiyo!"

Beseni likakwaruza sakafu.

"Limeingia. Lakini Tulia, linanuka kama soksi za mlinzi!"

"Muulize babu, maji yameonja mvua?"

"Nimeyaonja mimi. Chumvi tupu. Mbaya kabisa."

Elina alishusha pumzi. Sasa mawe yalikuwa ndani ya nyumba asiyoweza kuikanyaga. Akajisogeza na Tulia chini ya jani pana.

"Tulia, babu anuse moja moja. Lenye harufu ya yai viza alitoe, litaozesha mengine. Kisha achote maji kwa kikombe na kuyamwaga humohumo, mara kwa mara, hata kesho."

Jiwe moja lilirushwa nje.

"Yupo mdudu huku, Tulia, ana mikono kama ufagio!"

"Huyo asiguswe. Huyo ndiye mwenye nyumba."

Jumamosi asubuhi mzee alilitoa beseni mpaka njiani, akakohoa, akaingia na kufunga mlango.

"Ndaga fijo, Tulia," Elina alishukuru kwa sauti, akalibeba.

Hotelini Anosisye alinusa. "Hili zima. Hili pia. Jana ulikuwa hapa kutwa. Nani alikoroga maji?"

"Babu yake Tulia."

Anosisye, naye mtoto wa Kinyakyusa, aliangua kicheko. "Mliongeaje?"

"Tulia aliongea."

"Mashuka yatafutie mtu mwingine," bosi alisema.

Elina alikunja mikono ya blauzi, akaanza kuyapanga mawe, makubwa chini.