Kibao cha Mgeni kwenye Nyasi za Lorraine

Lorraine Hrovat alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na madaktari wote wa kaskazini ya Ohio wasingeuweza: hakujua kusema hapana. Akipita mtu anauza brashi, Lorraine atanunua brashi. Wakija watu wa dini nyingine kumhubiria, atawakalisha, atawamiminia kahawa, atawasikiliza mpaka wachoke wenyewe waage. Marehemu mumewe, Eddie, alikuwa akimtania kila mara.

"Mke wangu, siku mwizi akibisha hodi hapa, utamuuliza kama anahitaji msaada wa kubeba."

"Akibeba hiyo televisheni yako," Lorraine humjibu, "nitamshikia na mlango."

Na mtu huyu huyu, jamani, alikaa miaka kumi na sita kwenye bodi ya shule za Alder Hollow! Huko hapana zilimtoka bila shida, kwa sababu hazikuwa zake. Walipotaka kufuta masomo ya muziki alisema hapana. Walipotaka basi la shule lisiingie kule kwenye nyumba za magurudumu wanakokaa maskini, watoto wavuke barabara kuu kwa miguu, alisema hapana mara tatu, na mara ya tatu alipiga meza mpaka kikombe cha mwenyekiti kikaanguka. Akimtetea mtoto wa mwenzake alikuwa simba. Akijitetea yeye, paka wa jikoni ana makali zaidi.

Eddie alipofariki, nyumba ilikua ghafla. Binti yuko Texas, kijana yuko Oregon, wanapiga simu Jumapili. Mara nyingine Lorraine aliweza kumaliza wiki bila kusikia sauti yake mwenyewe, isipokuwa akimkaripia paa anayekula maua yake. Lakini Jumanne ya pili ya kila mwezi ilikuwa siku ya kikao. Siku hiyo alitengeneza nywele kwa vibanio tangu asubuhi, akavaa koti la buluu, akaenda mahali ambapo watu walimuuliza, "Lorraine, wewe waonaje?" Nisikufiche: kile kiti zamani kilikuwa kazi tu. Sasa ndicho kilichokuwa kinamwamsha asubuhi. Na mwaka huo kipindi chake kilikuwa kinakwisha, ikabidi agombee tena.

Sasa, watu wa Alder Hollow hawana kampeni za ngoma na vipaza sauti. Wao kampeni yao ni nyasi. Uchaguzi ukikaribia, vibao vyenye majina vinaota mbele ya nyumba kama uyoga baada ya mvua. Mtu akikukubali anakuruhusu uchomeke kibao chako kwenye nyasi zake. Asipokukubali hakutukani, anakuambia nyasi zimetiwa dawa juzi, rudi baadaye. Na pale Quarry Lane, mtaani kwake, nyasi zilizosomwa kuliko zote zilikuwa za Lorraine. Kwa miaka mingi watu walipita, wakatazama kibao kilichosimama pale, wakaenda kupiga kura hivyo hivyo. Wanamwamini, basi.

Cha kwake mwenyewe alikuwa akikichomeka Eddie. Alikitengeneza kwa ubao, akaandika HROVAT kwa rangi ya kijani, herufi kubwa, ile ya mwisho imebanwa kwa sababu ubao ulimwishia. Kila mwanzo wa Septemba alitoka na nyundo, ko, ko, ko, kisha akasimama barabarani kukiangalia kama bwana harusi. Lorraine hakuwahi kukigusa. Bibi yake, aliyekuja na meli kutoka Slovenia, alimlea kwa neno moja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo mzuri sana huo, sokoni. Kwenye uchaguzi utarudi nyumbani na kapu lako limejaa, hujauza kitu.

Mwaka huo kibao kilikuwa kwenye banda la gari, nyuma ya koleo la theluji. Lorraine alikitoa mara moja. Alifika nacho mpaka mlangoni, nyundo mkononi, akamwona mzee Joe Petrak ng'ambo ya barabara anampungia. Uso ukamwaka moto. Akakiegemeza ukutani, akatoka kuokota gazeti, akarudi ndani. Hakujaribu tena.

Ndipo akaja Kendra Pruitt.

Alikuja Jumamosi mchana, mtoto mchanga kifuani, kwapani amebeba vibao vyekundu. Hodi, mlango ukafunguliwa.

"Habari za mchana, mama. Naitwa Kendra, tumehamia hapa majuzi tu. Nagombea bodi ya shule, na ningependa..."

Mtoto akaangua kilio. Lorraine alikuwa ameshafungua kinywa kusema, ah, kumbe ni wewe mshindani wangu, lakini kilio cha mtoto kina haki yake.

"Ingia, mwanangu, ingia. Huyo ana njaa. Kaa hapo kwenye kiti cha mto, umnyonyeshe. Kahawa iko tayari."

Akakata na potica, ule mkate mtamu wa kukunja wenye jozi ndani, kipande cha unene wa kitabu cha sala. Kendra akala kama mtu ambaye hajakaa chini tangu ajifungue. Na mtu akishiba, ulimi hulegea.

"Sipendi kusema watu vibaya, mama."

"Sema tu, hapa ni jikoni."

"Ile bodi imechoka. Wamekaa pale mpaka wameota mizizi. Kuna bibi mmoja ana miaka kumi na sita! Na nimeambiwa anasinzia kikaoni."

Lorraine akashika kikombe vizuri. Kweli alisinzia. Mara moja, katika maisha yake yote ya bodi, wiki ile aliyomzika Eddie, usiku mwingi akiwa hajalala. Angeweza kusema. Sasa hata mimi ninayesimulia natamani nimfinye aseme! Lakini ukimwambia mgeni mwenye mtoto kifuani kwamba bibi anayemsema ndiye aliyemkatia keki, atazikwa wapi kwa aibu?

"Labda alichoka," akasema.

"Labda. Nami simchukii. Lakini mtu akichoka si apumzike?" Kendra akafuta makombo mdomoni. "Mimi nataka masomo ya muziki yaanze mapema, tangu darasa la kwanza. Mwanangu mkubwa hasemi sana, ila ukimpa ngoma anaongea nayo."

Hapo ndipo Lorraine alipoanza kumpenda, na hapo ndipo alipokwisha. Alipofika mlangoni kumsindikiza, Kendra aligeuka, macho yamemjaa matumaini.

"Mama, umenifaa sana leo. Nyumba zote nimeambiwa nyasi zimetiwa dawa. Naomba nichomeke kibao kimoja tu hapa kwako."

"Ah... haya," akasema Lorraine. "Chomeka, mwanangu."

Kesho yake alfajiri, Dot Vargo, shoga yake wa tangu utotoni, aliingia bila hodi.

"Lorraine! Umeingiwa na nini? Kuna kibao cha yule msichana kwenye nyasi zako!"

"Nakijua. Nimemruhusu."

"Umemruhusu? Adui yako?"

"Si adui, Dot. Ana mtoto mchanga."

"Hata mimi nilikuwa mtoto mchanga, hukunipa kiti cha bodi! Nakwenda kuking'oa."

"Hukigusi. Nimempa neno langu."

"Basi chomeka na chako kando yake."

"Watu watasema nimerukwa na akili. Vibao viwili, kiti kimoja?"

"Watasema kweli!" Dot akakaa, akavuta sahani ya potica kwa hasira. "Nitamwambia huyo msichana hapa ni kwa nani."

"Ukimwambia, usinijie tena." Na sauti aliyoitumia ilikuwa ile ya basi la shule, kwa hiyo Dot akala.

Ungedhani Kendra angegundua mwenyewe, lakini jina la mwenye nyumba hakuuliza, na usiku wagombea walipokutana na wazazi ukumbini, mtoto wake alishikwa na homa, akatuma barua isomwe. Siku zikaenda. Kibao chekundu kikasimama pale peke yake, majani yaliyopukutika yakikizunguka, na Quarry Lane nzima ikakipita ikikisoma.

Siku ya kura Lorraine alikwenda ukumbi wa kanisa. Alijipigia kura yake huku akitazama pembeni, kama anayeiba peremende dukani. Usiku matokeo yakatangazwa. Kendra Pruitt alikuwa ameshinda, na kura zilizowatenganisha hazikufika hata kumi.

Asubuhi mlango ukagongwa. Mzee Joe Petrak na mkewe, Fran, bakuli kubwa la tambi na jibini mikononi, na majirani wengine wawili nyuma yao, wote wanatabasamu.

"Hongera, Lorraine!" akasema Joe.

Dot alikuwa jikoni. Alitoka na taulo la vyombo mkononi. "Hongera ya nini?"

"Mrithi wake kashinda. Tulipoona kibao cha yule binti tukaelewa mara moja. Nikamwambia Fran, Lorraine amechoka, tangu Eddie aondoke amechoka, na sasa ameamua kumwachia kijana. Jina la Lorraine tuliliona kwenye karatasi ya kura, tukajua alibadili mawazo wakati wameshachapisha. Mtaa mzima tumempa yule binti. Hatukukuangusha, eti, Lorraine?"

Lorraine akafungua kinywa. Akamtazama Joe, mzee wa watu, na tambi zake zinazofuka moshi.

"Asanteni," akasema. "Asanteni sana."

"Asanteni nini?" Dot alilipuka. "Nyinyi vichwa maji! Alikuwa anakitaka kile kiti! Alikuwa anagombea! Yule msichana alikula keki yake tu!"

Joe akaliweka bakuli chini. Fran akaweka mkono mdomoni. "Yesu wangu, Lorraine. Mbona hukutuambia?"

Lorraine akawakaribisha ndani, wakala tambi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kendra alikuja siku hiyo hiyo jioni, kukusanya vibao vyake kama ilivyo desturi. Dot hakumwonea huruma, alimwambia yote pale pale kizingitini, tangu kiti cha mto mpaka ile wiki ya mazishi. Dot alipoondoka, Kendra alibaki amesimama kwenye nyasi, mtoto kifuani, machozi yanamtoka. Lorraine akatoka.

"Mbona hukuniambia ni wewe?"

"Mtoto alikuwa analia."

"Nilikutukana ndani ya nyumba yako!"

"Ulisema nilisinzia. Nilisinzia."

Waliking'oa kibao chekundu pamoja, ardhi ilikuwa imeanza kuganda. Kisha Lorraine akampeleka kwenye banda la gari kumtafutia kamba ya kufungia, na Kendra akakiona kile cha kijani nyuma ya koleo. HROVAT, herufi ya mwisho imebanwa. Akakigusa.

"Alikuwa anakichomeka Eddie," Lorraine alisema. "Mimi siwezi. Nilijaribu." Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alilia mbele ya mtu. Alilia sana, kwa sauti, na mtoto akamtazama kwa mshangao.

"Nifanye nini, Bi Lorraine? Niambie, nitafanya."

Lorraine akapenga kamasi. "Kalia kiti. Muziki uanze darasa la kwanza. Na usisinzie."

Muziki ulianza darasa la kwanza. Lorraine alikuwa akienda vikaoni, akikaa viti vya wananchi, koti lake la buluu, na Kendra akishindwa jambo alimtazama yeye kwanza. Lakini kutazamwa si kuulizwa. Jumanne nyingine hakwenda. Baadaye hata vibanio vya nywele aliviweka kabatini.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha mmoja wa wanabodi akatangaza kwamba yeye na mkewe wanahamia Florida kwenye jua, kama wafanyavyo wote wenye magoti mabovu, na kiti chake kitakuwa wazi. Dot akamwambia Lorraine agombee. Lorraine akasema umri umekwenda. Dot akamwambia tena. Lorraine akasema nyasi zimetiwa dawa.

Asubuhi moja ya Julai, yuko na nguo ya kulalia, anangoja kahawa ichemke, akasikia: ko, ko, ko.

Kikombe kikamponyoka. Sauti ile aliijua. Alikimbilia dirishani, na moyo wake, mpumbavu, ulikuwa umeshamwita Eddie.

Alikuwa Kendra. Yuko magotini kwenye nyasi, nyundo mkononi, anakipigilia kibao cha kijani. Yule mtoto wa kifuani sasa anatembea, amezungusha mikono yake midogo kwenye mguu wa kibao akikisimamisha. Nyuma yao, barabarani, Joe na Fran na nusu ya Quarry Lane, na Dot mbele yao kashika karatasi za kumpendekeza, saini zimejaa mpaka pembeni.

Lorraine akafungua mlango. "Kendra! Nani kakuruhusu kuingia kwenye banda langu?"

"Uliacha wazi, kama kawaida." Kendra akainuka, akajifuta magoti. "Bi Lorraine, naomba nichomeke kibao kimoja tu hapa kwako."

Mtaa mzima ukamtazama. Lorraine akaangalia ile herufi ya mwisho iliyobanwa, akaangalia nyundo ya mumewe, akashikilia kola ya nguo yake ya kulalia.

"Ah," akasema. "Haya."