Kijana Wetu Hachoki

Nichekeni tu, maana aibu hii nimeshindwa kuimeza peke yangu.

Kazi yangu ni kulitafutia duka letu la plau, yale majembe ya kukokotwa na ng'ombe, wateja wapya katika vijiji vya ujamaa. Juma lililopita nilipanda baiskeli hadi Sepuka, kwa mwenyekiti wa kijiji ambaye tulikuwa tumemwandikia barua. Plau ya kuonyesha niliiacha kwenye ofisi ya kijiji.

"Shikamoo mzee. Barua yetu mliipata?"

"Marahaba. Tuliipata, tunawangoja ninyi tu."

Nikapewa kiti, nikaletewa na kuku. Moyoni nikasema, leo nimeuza. Nikaanza maneno yangu ya siku zote, yale ya kuiita plau kijana ili wateja wacheke.

"Mzee, kijana wetu hachoki. Analima tangu alfajiri, wala pombe haijui."

Mzee hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, na jikoni mkewe akapiga vigelegele. Nami nikanogewa.

"Kaeni naye msimu mmoja. Asipowafaa mrudisheni, niwaletee mwingine. Mkichukua wawili, nawapunguzia bei."

Vigelegele vikakatika.

"Wawili?" mzee aliuliza. "Binti yangu ni mmoja!"

Kabla sijajibu, wazee watatu walipiga hodi. "Mtuwie radhi kwa kuchelewa," alisema wa mbele. "Sisi ndio wale wa barua ya posa."

Mwenyekiti akanigeukia taratibu.

"Basi wewe mwenzetu, unamposea nani?"

"Plau, mzee," nilisema, na jikoni kicheko kikalipuka.