Ubeti Uliompotea Hafiya

Hafiya Motruk alikuwa mwanamke wa vituko. Pale kijijini Verbivka hakuna harusi iliyofungwa bila mkate wake, ule mkubwa wa duara wenye ndege wa unga juu. Na wanawake walioukanda walipaswa kuimba tangu unga unapochekechwa hadi tanuri linapofungwa. Wimbo ukikatika, ndoa ina mashaka, kwa hiyo ukinyamaza Hafiya alikuchapa mwiko.

Wimbo wenyewe ulikuwa shairi la jirani yake, mwalimu Yarema, alilomtungia bintiye Zoryana akiwa mchanga. Wasovieti walimpeleka Siberia kwa sababu ya mashairi yake, akafia huko, na karatasi zake zote zikachomwa. Hafiya, aliyewahi kusomewa shairi lile, alilitia katika sauti ya kukandia unga ili lisife. Wenzake wakalimeza bila kuuliza ni la nani, naye hakuthubutu kusema. Ila ubeti wa tatu ulimtoka kabisa. Aliutafuta miaka nenda miaka rudi, akikamua ng'ombe, akimgombeza mumewe, patupu.

Sasa akawa anakanda mkate wa harusi ya Zoryana mwenyewe. Gongo lilishazunguka, jiko zima linacheka, Hafiya ana unga mpaka kwenye nyusi. Desturi inataka tanuri lifagiliwe na mwanamume mwenye nywele zilizojikunja, na kijijini alikuwepo mmoja tu: Sydir, mwenyekiti wa shamba la pamoja, yule yule aliyezichoma karatasi za Yarema.

"Fagia na pembeni, mwenyekiti," Hafiya alimchokoza. "Au ufagio nao unangoja amri ya Moscow?"

"Mama Hafiya, endelea tu, nitakufagia wewe."

Wakaangua kicheko, wakaimba. Hafiya akamtazama Zoryana anavyoyaimba maneno yale kwa furaha, hajui ni ya nani, na roho ikamuuma. Gongo likamfungua mdomo.

"Mwanangu, wimbo huu ni wa baba yako. Alikutungia wewe."

Wimbo ukakatika. Macho yote yakamgeukia Sydir, na Hafiya akajua amejimaliza.

Sydir alisimama na ufagio wake, masizi puani. "Mbona kimya? Mnataka bibi harusi aachike?"

Akafuta masizi puani kwa mkono wa shati.

"Harusi zote hizi naungoja ubeti wa tatu, nyie mnauruka tu," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Nilizisoma kabla ya kuzichoma."

Akainamia tanuri asiwatazame, akaimba kwa sauti yake ya chura:

"Nisipofika siku yako, mwanangu,
nijazie kikombe, kiweke mlangoni;
nitaingia na moshi wa mkate."

Hafiya alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ndio huo, ndio wenyewe. Akaudaka mstari wa mwisho naye, machozi yanamchora michirizi kwenye unga wa mashavu, na wenzake wakaingia kwa kelele na kupigapiga meza.

Zoryana akajaza kikombe. Sydir akanyoosha mkono kukipokea.

"Chako baadaye, mjomba," Zoryana alimwambia, akakipeleka mlangoni. "Wewe rudia ubeti."