Wanja wa Bi Kulthum

Mtaani Malindi, Bi Kulthum ndiye aliyewapaka watoto wachanga wanja wa masizi, kuwakinga na jicho la husuda. Mwaka 2004 mwanawe Khawla, aliyekuwa akisoma sayansi Ulaya, alirudi na kompyuta.

"Mama, haya masizi yako niliyokwenda nayo. Yana mirija ya kaboni, myembamba mno. Tunaipiga miale ya elektroni ndiyo tuione."

Kwenye kioo cha kompyuta, mrija mmoja ulitoboka, ukakonda kiunoni, ukakatika.

"Nani kaukata?"

"Miale ile ile, inazing'oa chembe zake. Ukiutazama sana, unauua."

"Si uache kuutazama basi!"

"Ntaujuaje, Mama?"

Mlangoni jirani akapiga hodi, kachukua kichanga chake. Bi Kulthum akafungua kikopo, kidole kikamganda. Wanja wenyewe unakufa kwa kutazamwa. Atampaka nini mtoto wa watu?