Namba Saba

Kila ninapopita penye samaki wakavu sokoni Arua, nakumbuka benchi la kikundi cha akina mama cha kukopeshana kule Awindiri. Mama alikopa kwao, akaanza kuuza samaki mjini Koboko, akawa harudi hadi Jumamosi. Tukaanza kula mara mbili kwa siku, nami nikapata viatu vyangu vya kwanza. Nilibaki na bibi, ambaye alikuwa hazungumzi tena.

Kikundini kila mama aliitwa kwa namba, na asiyeitika mikutano mitatu alifutwa daftarini. "Kaa kwa nafasi yangu," Mama aliniambia. "Wakiita saba, sema iko."

Kila Jumatano nilioga, nikavaa viatu, nikawahi mkutano. Mwenyekiti alifungua daftari. "Namba saba?"

"Iko!" niliitika kwa nguvu. Hadi Jumamosi hakuna mwingine aliyeniita.

Jumatano moja Mama alikuja mwenyewe, kitenge chake kikinuka samaki. Nikakaa nimemwegemea. Saba ilipoitwa, tuliitika pamoja. Wamama wakacheka sana.

"Leo mimi mwenyewe iko," Mama akasema, akinishusha kutoka kwenye benchi. "Wewe enda cheza."

Nikatoka na viatu vyangu, nikasimama nyuma ya mlango, nikisikiliza namba zilizobaki zikiitwa.