Mkasi wa Pascasie

Jumamosi ile mke wangu Pascasie alikaa mlangoni kwenye kigoda, mbwa wetu Bijou katikati ya magoti yake. Jumatatu alikuwa apande treni kwenda Nyunzu, binti yetu Viviane alikuwa amejifungua. Mbwa angebaki na mimi, kwa hiyo alikuwa ananifundisha kumtunza. Mimi nilikuwa natia kiraka kwenye tairi la baiskeli. Nilisikiliza nusu.

"Mifupa ya kuku, hapana. Samaki wadogo, ndagala, utoe kichwa, utwange, uchanganye na bugali kidogo. Kidogo, Papa Omer! Tumbo lake ni kama ngumi ya mutoto. Jua likipanda, umuwekee kitambaa chenye maji."

"Mimi mwenyewe sijawahi kuwekewa kitambaa."

"Wewe una nywele?"

Kichwa changu ni upara tangu zamani. Tulicheka. Kisha akasema neno moja la mwisho juu ya mbwa, nami nikaitikia "ndiyo" bila kuinua kichwa.

Pascasie alizaliwa Moba. Hakusoma, kama mimi. Alifua nguo za Madame Claire, mke wa fundi mkubwa wa Kibelgiji, mpaka mwaka ule maduka ya wageni yalipochukuliwa na serikali, Wazungu wengi wakaondoka hapa Kalemie. Madame alimwachia kitana, mkasi na mtoto wa mbwa aliyeenea ndani ya kofia. Mweupe. Nywele zake ni kama za kichwa cha mtu: hazidondoki, zinaota tu, zinaingia machoni. Na hawezi kukaa peke yake. Ukitoka, anatetemeka.

Majirani walimtania mke wangu. "Mama Bijou, mbwa anaoshwa uso, watoto wetu wana makamasi!"

"Leteni na watoto, maji yangali moto."

Wakawaleta kweli. Akawaosha.

Jumapili homa ilimshika akitoka misa. Jumatatu treni ilipiga honi, mimi nimemshika mkono. Jumatano tulimzika.

Kwetu, nyumba ikifiwa, hakuna kunyoa wala kukata nywele mpaka siku ya kuondoa matanga. Ndevu zangu ziliota. Nikamtazama Bijou amelala juu ya kitenge cha Pascasie. Nikasema moyoni, huyu naye ni wa nyumba hii, naye amefiwa. Nikaufunga mkasi ndani ya kitambaa, nikauweka juu ya kabati. Niliona ninamheshimu mke wangu.

Wiki zikapita. Bijou akaanza kujigonga kwenye mtungi. Akaacha kula. Nywele zikawa zimelowa chini ya macho. Nilisema analia. Tulikuwa tunalia wawili. Ilinifariji, nasema kweli.

Siku arobaini zilipotimia, Générose, mdogo wake Pascasie, alikuja kuninyoa. Alipomaliza akampakata Bijou, akatenganisha nywele kwa vidole.

"Shemeji, haya si machozi. Ni usaha."

"Ana matanga," nikasema.

"Mbwa hana matanga, Papa Omer. Mbwa ana nywele."

Nikaushusha mkasi. Générose akakishika kichwa cha Bijou. Nywele zilikuwa zimegandamana, ngumu kama kamba ya wavu uliokauka. Nilichemsha maji, nikatia chumvi kidogo, nikangoja yapoe, kama nilivyomuona Pascasie akifanya miaka yote. Jicho la kulia lilifunguka. La kushoto lilikuwa jeupe kama yai la kuchemsha. Halikuona tena.

Sasa kila Jumamosi ninakaa mimi kwenye kigoda kile. Ninamkata. Mkasi ukikaribia, hakwepi. Ananipa uso wake wote, mimi niliyemharibia jicho.

Na lile neno nililoitikia bila kuinua kichwa, sasa ninalisikia vizuri. Pascasie alisema:

"Usisahau nywele za machoni, Papa Omer. Bijou hatakuambia kama haoni. Atakaa tu, anakungojea."