Nusu Shamba la Romana

Mwezi ambao zamani ulikuwa wa matope, vumbi lilipita kijijini Sigino, Babati, kama mtu mwenye shughuli zake. Romana alikuwa akimlisha maksai wake mabua makavu huku akitazama upande wa Mbulu, alikozaliwa. Huko, utotoni mwake, mvua ilikuwa kitu cha kulalamikiwa: nguo hazikauki, kuni zinafuka moshi tu. Alipoolewa akateremka Babati, aliteremka na dharau hiyo, na ilimchukua miaka kuiacha.

Mumewe, Xaveri, alikuwa Mirerani machimboni. Alirudi Krismasi, akala pilau, akaondoka. Shamba lilikuwa la Romana kwa kazi, kama si kwa jina.

Kaya nne zililima kwa zamu, mtindo ambao wazee walikuja nao kutoka Mbulu. Plau ilikuwa ya Wilbroad, mdogo wake Xaveri. Maksai mmoja alikuwa wa Romana, wa pili wa mzee Anselmi. Kaya ya nne ilitoa watu wa kuswaga. Mstari ukianzia kwa Wilbroad na kuishia kwa Romana mwaka huu, mwaka unaofuata unageuzwa, wa mwisho anakuwa wa kwanza. Hakuna aliyewahi kugombana. Udongo mkavu haukatiki, kwa hiyo plau ilisubiri mvua ya kwanza, na kuanzia hapo mvua nayo iliwasubiri wote wanne. Trekta za kukodi zilianza na wenye mashamba makubwa, kaya hizi nne hazikuzihesabu.

Siku hizi mvua haikumsubiri mtu. Mara ya mwisho Romana alipofunga mstari, mahindi yake yalifika magotini, yakajikunja, yakafa yamesimama. Mwaka ule alifunga nyumba na kupanga chumba Bagara, mjini, akawa anafulia watu nguo. Hakukuonea aibu kufua. Kilichomkaa moyoni ni sauti ya mlango wake mwenyewe ukifungwa kwa kufuli mchana. Na sasa zamu ya kufunga mstari ilikuwa imemrudia.

Mvua ilipopiga, hakungoja kuitwa. Aliwakuta kwa Wilbroad, maksai wake ameshachukuliwa na kufungwa nira pamoja na wa mzee Anselmi.

"Shikamoo, mzee Anselmi."

"Marahaba, Mama Vailet. Umekuja kuaga ng'ombe wako?"

"Nimekuja kuomba tulime nusu nusu. Nusu kwa kila mtu, tuzunguke wote. Mvua ikibaki, tunarudi kumalizia."

Wilbroad alimtazama kama aliyesikia mtu akiomba anyolewe upande mmoja. "Shemeji, shamba la nusu ni la mgonjwa au la mlevi. Na mimi zamu yangu ni ya kwanza. Sijaiba."

"Hujaiba."

"Sasa?"

"Sasa kama ni shamba zima, maksai wangu ataanza kazi siku ya zamu yangu. Hadi hapo anakula nyasi nyumbani."

Maksai, asiyejua anazungumzwa, alijipiga mkia.

"Si neno," alisema Anselmi. "Tumfunge Wilbroad nira pamoja na wangu. Kwa shingo naona wanalingana."

Watu wa kuswaga walicheka, Wilbroad hakucheka. Lakini alilima nusu yake, akazigeuza nyuso za ng'ombe njia ya jirani, na zamu ikaenda mbio kuliko miaka yote. Romana alipanda nusu ya shamba udongo ukiwa bado mweusi, mahindi na mbaazi mstari kwa mstari.

Mvua ilikata kabla ng'ombe hawajarudi kwa Wilbroad. Jua likatoka, jeupe, likakaa.

Kila nyumba ilivuna nusu. Romana hakwenda Bagara; mahindi yalitosha kwa kubana, na mbaazi zikasaidia. Wilbroad alikuwa ameahidi kuezeka bati mwaka huo. Hakuezeka. Fundi wa mjini aliyeahidiwa kazi hiyo naye alikaa bure, pamoja na mafundi wengine waliokuwa wakingoja mavuno ya watu ili wapate kula.

Siku moja walikutana kwenye mashine ya kusaga.

"Unapendeza, Mama Vailet," alisema Wilbroad. "Nusu yangu imekaa vizuri tumboni mwako."

Alisema kwa utani, na haukuwa utani. Romana alikuwa amelihesabu jambo hilo mwenyewe na lilikuwa kweli. Kwa mtindo wa zamani, Wilbroad angevuna shamba zima.

Mwaka uliofuata mstari uligeuzwa. Alfajiri baada ya mvua ya kwanza, Romana alikwenda peke yake kuchomeka kijiti katikati ya shamba. Wilbroad alifika na ng'ombe wakiburuta plau.

"Leo wewe ndiye wa kwanza. Tunaishia wapi?"

"Anzeni tu."

Wakaanza. Udongo ulipinduka, harufu yake ikapanda, naye akafuata nyuma akidondosha mbegu. Wilbroad alipofika kwenye kijiti alipunguza mwendo, akageuza kichwa. Romana alikuwa ameinama. Plau ikapita. Wakakata mstari mwingine, na mwingine tena. Wingu lilikuwa jembamba. Mtu angeweza kulihurumia.

"Mama Vailet!"

"Nini?"

"Kijiti kimebaki nyuma."

"Nakiona."

Wilbroad aliwasimamisha maksai na kusubiri. Romana alitazama sehemu iliyobaki, ngumu, ya kijivu, ambayo kwa haki ya wazee ilikuwa yake yote asubuhi ile. Mkononi mbegu zilikuwa zimeanza kulowa jasho.

"Malizia huo," alisema, "halafu wapeleke kwa jirani."

Wilbroad alicheka kwa pua. Akawaswaga ng'ombe, akaulima mstari ule wa ziada hadi mwisho, polepole, bila kuufupisha.